Chandigarh iko chini ya nani? Maeneo ya Muungano ya India na tofauti zake

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu amepata nafasi ya kusoma uhandisi India, katika chuo chenye jina la Chandigarh. Tulipokuwa tunajaza fomu mtandaoni, kwenye orodha ya majimbo tuliikuta Chandigarh imesimama peke yake, lakini anwani iliyo kwenye barua ya chuo inasema Punjab. Jirani aliyewahi kuishi kule akatuambia Chandigarh si jimbo, ni "eneo la Muungano", lipo chini ya serikali kuu moja kwa moja, na kwamba yako manane ya aina hiyo. Je, ni kama Zanzibar yetu? Kwa nini nchi moja iwe na sehemu za namna hiyo, na mbona nasikia nyingine zina baraza lao na nyingine hazina? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, mama, na hongera sana kwa kijana.

Tuanze na fomu, maana hiyo haisubiri. Chandigarh yenyewe ina kilomita za mraba 114 tu, nayo ilishapangwa ikajaa. Vyuo vikubwa vya binafsi vya miaka ya karibuni vimejenga pembeni, upande wa Mohali, ambako ni Punjab, na jina vikachukua la jiji kwa sababu ndilo linalojulikana. Fuateni anwani ya barua: andikeni Punjab. Kijana atakuwa anasoma jimboni, na akipanda basi siku ya mapumziko kwenda kutembea mjini atakuwa ameingia eneo la Muungano bila hata kutambua alipovuka.

Jirani yenu yuko sahihi. India ina majimbo 28 na maeneo ya Muungano 8: Delhi, Chandigarh, Puducherry, Jammu na Kashmir, Ladakh, visiwa vya Andaman na Nicobar, visiwa vya Lakshadweep, na lile lenye jina refu kuliko yote, Dadra na Nagar Haveli na Daman na Diu. Jimbo lina baraza lake la kutunga sheria na waziri kiongozi aliyetokana na uchaguzi. Eneo la Muungano, kwa Ibara ya 239 ya Katiba, linatawaliwa na Rais wa India kupitia mtu anayemteua yeye. Nasema Rais, lakini kwa vitendo faili zinakwenda Wizara ya Mambo ya Ndani.

Na Zanzibar? Hapana, na ni karibu kinyume chake. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Rais wake na Baraza la Wawakilishi lake. Mambo ya Muungano yameorodheshwa, na yasiyo kwenye orodha hiyo ni ya Wazanzibari. Tunabishana kila mwaka juu ya urefu wa orodha, lakini hakuna anayebisha kwamba ipo. India nayo ina orodha: ya Muungano, ya majimbo, na ya mambo ya pamoja. Polisi, ardhi, kilimo na hospitali ni vya majimbo. Ila orodha hiyo ya majimbo inalinda majimbo tu. Ukiingia eneo la Muungano, Bunge la India linaweza kutunga sheria juu ya jambo lolote lile, hata lililo kwenye orodha ya majimbo. Hata Delhi na Puducherry, zenye mabaraza yao, sheria ya Bunge ikigongana na yao, ya Bunge ndiyo inayosimama.

Unauliza kwa nini. Watu wengi hujibu haraka kwamba maeneo haya ni madogo mno kuwa majimbo. Jibu hilo halisimami. Delhi katika sensa ya 2011 ilikuwa na watu milioni 16.8, wengi kuliko majimbo kadhaa, na bado si jimbo. Goa haikufika milioni moja na nusu, na ni jimbo tangu 1987. Sikkim, yenye watu laki sita na kitu, ni jimbo tangu 1975. Ladakh ina takriban kilomita za mraba 59,000 za milima na jangwa la baridi, wakati nchi kavu yote ya Lakshadweep ni kilomita za mraba 32. Vyote viwili vimo katika safu moja ya orodha uliyoiona kwenye fomu.

Mimi huwashauri wanafunzi wangu wasitafute sifa moja inayoyaunganisha maeneo haya, maana haipo. Wachukue moja moja na waulize: siku lilipowekwa chini ya serikali kuu, ni ugomvi gani uliokuwa unakwepwa? Kila moja lina ugomvi wake, na ndiyo sababu mipango ya utawala haifanani.

India ilipopata uhuru 1947 ilirithi mikoa ya Waingereza na zaidi ya falme mia tano za wana wa wafalme, nyingine kubwa kama nchi, nyingine vijiji vichache. Katiba ya 1950 ilizipanga sehemu za nchi katika makundi manne, kwa herufi A hadi D, na katika kundi C na D ziliingia zile zilizokuwa zikiendeshwa na makamishna. Kisha ukaja moto wa lugha. Watelugu walitaka jimbo lao, wakalipata 1953 baada ya Potti Sriramulu kufunga kula hadi kufa. Serikali ikaunda tume, na tarehe 1 Novemba 1956 ramani ikachorwa upya: majimbo 14, kwa sehemu kubwa kwa kufuata lugha, na pembeni yake maeneo 6 ya Muungano. Hayo sita yalikuwa mabaki ambayo kalamu ya lugha haikuweza kuyatia popote: mji mkuu, visiwa, na sehemu za mpakani kama Himachal Pradesh, Manipur na Tripura. Hizi tatu za mwisho zilikuja kuwa majimbo 1971 na 1972. Mizoram na Arunachal Pradesh nazo zilipita njia hiyohiyo, zikawa majimbo Februari 1987. Kwa hiyo kwa muda mrefu kuwa eneo la Muungano kulionekana ni chumba cha kusubiria. Unakaa, unakua, unaitwa.

Chandigarh haikuwa ya kusubiri hivyo. Hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kijana ataisikia kila siku.

Mwaka 1947 Punjab iligawanywa vipande viwili, na Lahore, mji mkuu wake wa enzi na enzi, ukaangukia Pakistan. Punjab ya India ikabaki bila makao. Waziri Mkuu Nehru akaamua ujengwe mji mpya kabisa chini ya vilima vya Shivalik. Mbunifu wa kwanza aliyefanya kazi kubwa, Matthew Nowicki, alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1950, na kazi ikamfikia Le Corbusier, Mswisi-Mfaransa aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote wakati ule. Yeye na wenzake waliuchora mji kwa mitaa ya mraba inayoitwa sekta, kila moja na namba yake, na mwanzoni namba 13 iliachwa. Majengo ya serikali ya sekta ya kwanza yaliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2016.

Tatizo likaja 1966. Masinga walitaka jimbo la wanaosema Kipunjabi, wakakubaliwa, na tarehe 1 Novemba 1966 Punjab ikakatwa tena: wasema Kipunjabi huku, wasema Kihindi kule, jimbo jipya la Haryana. Mji mpya ukawa hasa mpakani. Kila upande ukadai ni wake. Serikali kuu haikutaka kumnyima yeyote, ikauchukua yenyewe, na kuufanya mji mkuu wa majimbo yote mawili kwa wakati mmoja. Hivyo hadi leo mabaraza mawili ya kutunga sheria yanakaa katika mji usio wa jimbo lolote kati ya hayo mawili, na Mahakama Kuu moja inahudumia Punjab, Haryana na Chandigarh yenyewe.

Ulikuwa uwe mpango wa muda. Mwaka 1969 Darshan Singh Pheruman, mzee wa Kisinga aliyepigania uhuru, alifunga kula akidai mji urudi Punjab, akafa baada ya siku 74. Mapema 1970 Waziri Mkuu Indira Gandhi akatangaza kwamba Punjab itapewa, nayo iiachie Haryana sehemu nyingine. Halikutekelezwa. Julai 1985 mwanawe Rajiv Gandhi alitia saini makubaliano na kiongozi wa Masinga, Harchand Singh Longowal: mji uhamie Punjab tarehe 26 Januari 1986. Longowal aliuawa kwa risasi Agosti ileile, tarehe ikafika, ikapita. Tangu 1984 gavana wa Punjab ndiye anayekaa pia kama msimamizi wa Chandigarh. Kwa Punjab hiyo ni kama rehani ya ahadi, kwa Haryana ni upendeleo.

Wakazi wenyewe, zaidi ya milioni moja, hawana baraza la kutunga sheria. Wana mbunge mmoja katika Bunge la India na halmashauri ya jiji yenye meya wa mwaka mmoja. Hata huo umeya mdogo unapiganiwa: Januari 2024 msimamizi wa uchaguzi alionekana kwenye kamera akizichorachora kura, nane zikahesabiwa kuwa zimeharibika, na Mahakama ya Juu ya India ikabatilisha matokeo na kumtangaza aliyekuwa ameshindwa kuwa ndiye mshindi. Nimeishi na siasa za halmashauri zetu muda wa kutosha, na bado kisa hicho kilinishangaza.

Kundi la pili lilitokana na Wareno na Wafaransa, na hapa pwani yetu ina undugu. Waingereza walipoondoka 1947, Wareno walikuwa bado wameshika Goa tangu 1510, Diu na Daman tangu karne hiyohiyo ya 16, pamoja na Dadra na Nagar Haveli, vipande viwili vya nchi kavu visivyogusa bahari. Diu ni kisiwa ambacho Waswahili wa kale wa kusini wangekitambua kwa jina: katika karne ya 18 wafanyabiashara wake wa Kigujarati walipeleka vitambaa Kisiwa cha Msumbiji na kurudi na pembe za ndovu. Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wamo katika orodha rasmi ya makabila ya huko.

Dadra na Nagar Haveli walikombolewa na watu wa kujitolea mwaka 1954, na kwa miaka saba wakakaa wakijiendesha bila kuwa sehemu ya India kisheria. Ureno ilishtaki The Hague ikidai haki ya kupitisha askari wake juu ya ardhi ya India. Mahakama ya kimataifa ilisema 1960 kwamba haki ya kupita ilikuwepo kwa raia na bidhaa, si kwa askari na silaha. Ilipofika 1961, ili mkataba wa kujiunga uwe na mtu wa kuutia saini, ofisa mmoja wa serikali ya India, K. G. Badlani, alifanywa waziri mkuu wa Dadra na Nagar Haveli kwa siku moja akatia saini pamoja na Nehru. Desemba mwaka huohuo jeshi likaingia Goa, na utawala wa Wareno wa miaka 450 ukamalizika kwa chini ya siku mbili. Habari zilifika hadi Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam, maana Magoa walikuwa wamejaa katika ofisi zetu za forodha na posta. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa 1965, ujanani alikuwa ameshiriki harakati za kuwapinga Wareno hukohuko Goa kabla ya kurudi Kenya.

Kuwatoa Wareno kulichukua siku mbili. Kuamua Goa iwe nini kulichukua miaka 26. Maharashtra, jirani mkubwa, alisema Kikonkani cha Goa ni lahaja ya Kimarathi tu, kwa hiyo Goa imezwe. Januari 1967 Wagoa walipiga kura ya maoni: wamezwe, au wabaki eneo la Muungano? Waliotaka kubaki walishinda. Angalia hapo, mama: kwa Wagoa utawala wa New Delhi ulikuwa ngao dhidi ya jirani. Waliukimbilia kwa hiari. Walipoona hatari imepita wakadai jimbo, wakalipata Mei 1987. Daman na Diu, ambazo hazikuwa na uzito huo, zikaachwa nyuma, na 2020 zikaunganishwa na Dadra na Nagar Haveli ili kupunguza ofisi. Daman na Diu zinatazamana kwa mbali juu ya Ghuba ya Khambhat, na mtu wa Diu anayefuata shughuli ya serikali makao makuu Daman kwa barabara analazimika kuizunguka ghuba yote kupitia Gujarat. Gujarat imepiga marufuku pombe. Daman na Diu hazijapiga. Uchumi wa hoteli za huko nadhani hauhitaji maelezo zaidi.

Puducherry ni ajabu zaidi. Siku hizi ukiangalia ramani utaona si sehemu moja bali nne: Puducherry na Karaikal zimezungukwa na Tamil Nadu, Yanam imo ndani ya Andhra Pradesh, na Mahe, yenye kilomita za mraba kama tisa, iko pwani ya pili kabisa, upande wa Kerala. Kwa hiyo eneo moja lina Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam, na Kifaransa juu yake. Kinachoviunganisha ni kwamba vilikuwa vituo vya Wafaransa. Oktoba 1954 wawakilishi 178 walikusanyika Kizhoor wakapiga kura, 170 wakataka kujiunga na India, na tarehe 1 Novemba utawala ukakabidhiwa. Mkataba wa 1956 uliweka sharti kwamba hadhi maalumu ya vituo hivyo isibadilishwe bila kwanza kujua matakwa ya wananchi, nao ukaanza kufanya kazi rasmi Agosti 1962.

Sharti hilo ndilo lililoifanya Puducherry isigawiwe majirani zake watatu. Mwaka 1979 ilipovuma kwamba serikali kuu inafikiria kuigawa, watu waliingia barabarani. Walipewa pia baraza la kutunga sheria, kwa sheria ya 1963. Wapo hadi leo wenyeji wa Kitamil wenye uraia wa Ufaransa, wanaopiga kura uchaguzi wa Paris unapofika, na askari polisi wa huko bado wanavaa kofia nyekundu za mtindo wa Kifaransa. Lakini baraza haliwaondolei msimamizi. Februari 2019 waziri kiongozi V. Narayanasamy, mtu aliyechaguliwa, alikaa na kulala nje ya makazi ya Luteni Gavana (ndicho cheo cha msimamizi huyo) Kiran Bedi kwa siku kadhaa akilalamika kwamba anamzuilia kazi za serikali.

Hapo umepata nusu ya jibu la swali lako la mwisho. Yenye mabaraza ni matatu: Puducherry, Delhi, na Jammu na Kashmir. Mengine matano hayana. Katika mengi ya hayo matano, kanuni zenye nguvu ya sheria hutolewa kwa jina la Rais, na bajeti ya yote hupitishwa New Delhi.

Delhi ni ugomvi wa aina nyingine: nani mwenye nyumba katika mji mkuu? Msomaji wa Kenya atakumbuka Nairobi ya 2020 hadi 2022, pale majukumu makubwa ya kaunti yalipohamishiwa serikali ya kitaifa na kuwekwa chini ya idara iliyoongozwa na jenerali wa jeshi, huku gavana na bunge la kaunti wakiwepo. Delhi wanaishi hivyo kwa kudumu. Marekebisho ya 69 ya Katiba, ya mwaka 1991, yaliwapa baraza lenye viti 70 na waziri kiongozi, lakini polisi, usalama wa raia na ardhi vikabaki kwa serikali kuu. Maana yake mtu anayechaguliwa kuongoza jiji la mamilioni hawezi kumwamuru askari, wala hawezi kugawa kiwanja cha shule. Chama tawala cha taifa kikiwa ndicho kinachoongoza jiji, mashine inazunguka kimyakimya. Vikitofautiana, kila uteuzi wa karani unakuwa kesi. Arvind Kejriwal alipokuwa waziri kiongozi walifikishana Mahakama ya Juu mara mbili: 2018 ikasema Luteni Gavana afuate ushauri wa baraza la mawaziri katika mambo yasiyotengwa, na tarehe 11 Mei 2023 ikasema hata uhamisho wa watumishi ni wa serikali iliyochaguliwa. Siku nane baadaye serikali kuu ikatoa amri ya kuurudisha uhamisho huo mikononi mwake, na Agosti Bunge likaifanya sheria. Kwa eneo la Muungano, kushinda mahakamani ni jambo moja na Bunge ni jambo jingine.

Visiwa vina sababu mbili: umbali na ulinzi. Lakshadweep, visiwa 36 vyenye watu katika 10 tu, vina wakazi 64,000 na kitu, karibu wote Waislamu, wanaosema Kimalayalam cha kisiwani, isipokuwa Minicoy wanaosema lugha ya Maldivi. Mali ya ukoo hurithiwa upande wa mama, sambamba na sheria ya Kiislamu, jambo ambalo Mngazija wa Komoro hataliona geni hata kidogo. Hadi 1964 walitawaliwa kutoka Kozhikode, bara. Mwaka 2021 msimamizi mpya, Praful Khoda Patel, alileta rasimu za kanuni juu ya ardhi, nyama ya ng'ombe na sifa za wagombea wa mabaraza ya vijiji, na wenyeji wakapiga kelele kwamba utamaduni wao unakanyagwa. Hawakuwa na baraza la kuikataa rasimu, wala waziri kiongozi wa kumwadhibu kwenye kura. Walichokuwa nacho ni mbunge mmoja, Mahakama Kuu ya Kerala, na watu wa Kerala waliowasemea. Ukitaka kuona upungufu wa mpango huu wote kwa kisa kimoja, ni hicho.

Andaman na Nicobar ziko mbali hata zaidi, karibu na Indonesia na Myanmar kuliko na India bara. Waingereza walizifanya gereza tangu 1858. Jela ya vyumba vya upweke ilimalizika 1906 na wapigania uhuru wengi walifungwa humo. Baadaye wakimbizi wa Kibengali kutoka Pakistan ya Mashariki walipewa ardhi, na ndiyo maana Kibengali kinaongoza kwa wasemaji huko. Wenyeji wa asili wamebaki wachache sana: Wajarawa, Waonge, Washompen, na Wasentineli wanaokataa mgeni yeyote asikanyage kisiwa chao. Kanuni ya 1956 inayowalinda ilitolewa kwa jina la Rais, na hapo nakiri utawala wa moja kwa moja ulifanya jambo jema. Baraza la wahamiaji wenye njaa ya ardhi pengine lisingeitunga. Lakini mkono uleule ndio ulioidhinisha mwaka 2022 mradi mkubwa wa bandari, uwanja wa ndege na mji mpya katika Nicobar Kubwa, kisiwa cha Washompen, kwenye njia ya meli ziendazo Malaka.

Nimeacha mwisho Kashmir na Ladakh, kwa sababu zilikwenda kinyumenyume. Wengine niliowataja waliopanda, kama Goa na Mizoram, walitoka kuwa eneo la Muungano wakawa jimbo. Jammu na Kashmir ilikuwa jimbo, tena lenye hadhi ya pekee chini ya Ibara ya 370. Tarehe 5 Agosti 2019 hadhi hiyo ilifutwa, na kuanzia 31 Oktoba jimbo likawa maeneo mawili ya Muungano. Halikuwahi kutokea kabla, jimbo zima kushushwa. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilihalalisha kufutwa kwa hadhi hiyo, ikaagiza uchaguzi ufanyike kabla ya Septemba 2024 kwisha na ujimbo wa Jammu na Kashmir urudishwe mapema iwezekanavyo. Uchaguzi ulifanyika, Omar Abdullah akaapishwa Oktoba 2024, na baraza lake la mawaziri katika kikao chake cha kwanza likapitisha azimio la kudai ujimbo. Polisi si wake.

Ladakh yenyewe ni ndogo kwa watu, 274,000 katika sensa ya 2011, lakini si kitu kimoja. Wilaya ya Leh wengi ni Wabudha, Kargil wengi ni Waislamu wa Kishia. Leh walidai kwa miaka mingi kutengwa na Srinagar, makao ya serikali ya Kashmir, wakiona Kashmir inawasahau. Tangazo la 2019 walilipokea kwa ngoma. Kargil waligoma. Baada ya miaka michache wote wawili wakajikuta upande mmoja. Zamani walikuwa na viti vinne katika baraza la Kashmir. Sasa hawana baraza lolote, wana mbunge mmoja. Sheria iliyowazuia wageni kununua ardhi ilikwenda na Ibara ya 370. Wakaungana, viongozi wa Leh na wa Kargil, na kudai mambo manne: jimbo, ulinzi wa Jedwali la Sita la Katiba linaloyapa mabaraza ya makabila nguvu juu ya ardhi na misitu kama ilivyo Mizoram na Meghalaya, tume yao ya ajira, na viti viwili bungeni, cha Leh na cha Kargil. Machi 2024 mhandisi Sonam Wangchuk alifunga kula siku 21 katika baridi ya chini ya sifuri. Septemba 2025 maandamano ya Leh yaligeuka vurugu, watu wanne wakauawa, na Wangchuk akakamatwa chini ya sheria ya usalama wa taifa.

Serikali kuu inasita kwa sababu Ladakh inapakana na China, na mapigano ya Galwan ya Juni 2020 bado hayajasahaulika. Juni 2025 ilitoa kanuni za kuwatengea wenyeji asilimia 85 ya ajira za umma, kuweka masharti ya ukaazi, na kutambua Kibhoti na Kipurgi miongoni mwa lugha rasmi. Kanuni hizo, kama za maeneo mengi yasiyo na baraza, zilitolewa kwa jina la Rais, na kwa kalamu ileile zinaweza kubadilishwa. Wajumbe wa Leh na Kargil wanalijua hilo, na ndiyo maana hawakuondoa ujimbo wala Jedwali la Sita kwenye orodha ya madai yao.